Magonjwa ya Kuvu katika Ngozi ya Mtu Dhaifu



Katika somo hili tutajifunza habari za kuvu. Wewe unaijua. Mihogo ikikaa katika kikapu siku nyingi pasipo kukauka vema, inaota kitu kama pamba nyeusi au nyeupe. Viatu vya ngozi vikiachwa chini ya kitanda wakati wa mvua, baada ya juma moja vina unga wa kijani. Na mti ukianguka katika mwitu, baada ya muda uyoga unaota juu ya gogo lake. Vitu hivi vyote ni vya jamii moja. Kuvu si mdudu, wala si mmea wenye majani. Ni kiumbe kinachoishi kwa kula vitu vingine, na mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi. Jicho haliwezi kuziona.

Sasa uangalie jambo moja. Ule uyoga ulikuwa wapi siku mti uliposimama? Mbegu zake zilikuwako. Zilipeperushwa na upepo na kuangukia gamba la mti kila siku, lakini mti ulio hai ulizikataa. Mti ulipoanguka, nguvu ya kukataa ilikwisha, ndipo uyoga ulipoota.

Mwili wa mtu ni vivyo hivyo. Kila siku tunavuta mbegu za kuvu puani, nasi hatuugui, kwa sababu mwili una walinzi. Walinzi wakipungua, kuvu inapata nafasi. Kwa hiyo neno kubwa la somo hili ni hili: upele wa namna ngeni juu ya ngozi ya mtu aliyedhoofika si jambo la ngozi tu. Ni habari inayotoka ndani ya mwili. Usiipake mafuta na kuisahau. Utafute mambo ya ndani, na uyatafute upesi.

1. Kuvu ya kawaida

Kwanza tusitiane hofu bure. Kuvu nyingi za ngozi ni za kawaida. Choa ni kuvu: ile miviringo yenye ukingo, inayowasha. Mapunye ya watoto kichwani ni kuvu. Ngozi inayochubuka kati ya vidole vya miguu, na madoa meupe ya kifuani na mgongoni, mara nyingi ni kuvu. Hizi hukaa katika ngozi ya nje, katika nywele na kucha. Zinasumbua, lakini haziui. Dawa ya kupaka iliyo ya kuua kuvu, ikipakwa kila siku kwa majuma mawili hata manne, huponya nyingi. Mapunye ya kichwani yanataka vidonge, kwa maana kuvu imeingia katika mashina ya nywele.

Lakini ukiona choa inaenea mwili mzima, au inarudi kila mara, au haisikii dawa baada ya majuma manne, usinunue tu dawa nyingine sokoni. Uulize: kwa nini mwili huu haushindi?

Tena ujihadhari na mafuta ya kuangaza ngozi. Mengi yanayouzwa sokoni yana dawa ya jamii ya kotizoni. Ukiyapaka juu ya choa, mwasho unatulia, nawe unadhani umepona. Kumbe dawa ile imewalaza walinzi wa ngozi, na kuvu inaenea kwa siri. Hata ule mviringo ambao mwuguzi angeutambua unapotea, na ugonjwa mdogo unakuwa fumbo.

2. Walinzi wa mwili, na mambo yanayowapunguza

Katika damu yetu mna chembe nyeupe. Hizo ndizo walinzi. Kati yao kuna chembe zinazowapa wengine amri, nazo zinaitwa CD4. Zikihesabiwa katika tone dogo sana la damu, mtu mzima mwenye afya huwa na 500 hata 1500 hivi. Virusi vya Sida, ndivyo VIH, huziharibu hizi zenye kutoa amri. Zikishuka chini ya 200, mtu yu katika hatari. Zikishuka chini ya 100, hatari ni kubwa mno, hata kama bado anatembea na kufanya kazi.

Lakini VIH si sababu ya pekee. Ugonjwa wa sukari usiotunzwa hudhoofisha mwili. Kansa, na dawa za kuitibu, hudhoofisha. Njaa ya siku nyingi hudhoofisha, hasa kwa watoto. Vidonge vya kotizoni vikimezwa muda mrefu hudhoofisha. Na vidonge vingine ambavyo watu humeza ili wanenepe vina dawa hiyo ndani yake. Basi usimwonyeshe mtu kwa kidole na kusema, “Ngozi yake yatosha, nimejua ugonjwa wake.” Hujajua. Damu ikipimwa, ndipo twajua.

3. Ngozi ni kama ngoma ya kusema

Watu wa Yakusu na wa vijiji vya Walokele kando ya mto wanaijua ngoma ya kusema. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari aliyekaa miaka mingi katika sehemu hizo, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Mgeni akiisikia usiku, asikia mlio tu. Mwenye kuielewa asikia maneno: fulani amefariki, njoni.

Je, kuna mtu mwenye akili ambaye, akisikia ngoma inatangaza msiba, anaifunika kwa mkeka na kurudi kulala? Hakuna. Lakini ndivyo tufanyavyo tukipaka pomada juu ya upele mgeni wa mtu aliyekonda, kisha tukanyamaza. Tumeifunika ngoma; neno lake hatukulisikia.

Nchi yetu imekwisha kusikia ngoma ya namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, waganga wa Kinshasa waliona wagonjwa wakizidi wa kuvu ambayo zamani ilikuwa haba. Ilishika ubongo wa watu waliokuwa bado vijana. Wengine walikuwa na utando mweupe kinywani, wakakonda na kufa. Sababu ilikuwa haijajulikana. Mwaka 1983 virusi vilionekana mara ya kwanza katika mji wa Paris, na mwaka ule ule waganga wa nchi za ng'ambo walifika katika hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa, ambapo munganga Bila Kapita alikuwa amekwisha kuwaona wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1984 kazi kubwa ya uchunguzi ilianzishwa huko, iliyoitwa Projet Sida. Baadaye damu iliyotolewa Kinshasa mwaka 1959 na kuwekwa ilipimwa, nayo ikaonekana kuwa na virusi hivyo. Basi virusi vilikuwako miaka mingi kimya, na kuvu ilipiga ngoma kabla havijapata jina.

4. Kuvu mbili ambazo sharti uzijue

Ya kwanza inaitwa kriptokoko. Inakaa katika udongo, katika mavi ya ndege, hasa njiwa, na katika miti iliyooza. Mtu anaivuta puani pamoja na vumbi. Mwenye nguvu hata hajui kwamba imeingia. Katika mtu dhaifu inatoka mapafuni, inasafiri katika damu, na inapenda kwenda katika utando wa ubongo. Njiani huweza kutokea juu ya ngozi. Katika watu kumi walioenewa na kuvu hii mwilini, mmoja hivi huonyesha alama ya ngozi.

Alama yake ni hii: vipele vidogo vya mviringo, na katikati ya kila kimoja pana kishimo kama kitovu. Mara nyingi huota usoni, shingoni, kifuani na mikononi. Kwa kawaida haviwashi sana wala haviumi, na kwa sababu hiyo watu huvidharau. Vingine hufanya ukoko katikati, kisha huwa vidonda. Watoto wenye afya huweza kupata vipele vinavyofanana na hivi kwa sababu ya virusi vingine visivyo na hatari. Lakini mtu mzima aliyekonda, mwenye homa, akiota vipele vya namna hii, sharti apimwe.

Tena uangalie alama za kichwa. Kichwa kinauma, na kila siku kinazidi. Dawa ya maumivu inatuliza saa chache tu. Mgonjwa anatapika. Shingo inakuwa ngumu. Macho yanaona vitu viwili viwili, au yanaona kama katika ukungu. Mwisho maneno yake yanachanganyika, na watu wanasema amerogwa au ana pepo. Hakurogwa. Kuvu imekamata utando wa ubongo wake. Asipotibiwa atakufa.

Ya pili inaitwa histoplasma ya Afrika. Mwaka 1952 Mbelgiji Vanbreuseghem aliipa jina la Albert Dubois, munganga aliyefanya kazi katika Kongo. Ndugu yake mmoja hupatikana sana katika mavi ya popo, pangoni. Na hii ya kwetu pia imepata kuonekana pahali pa popo. Inaleta uvimbe katika ngozi, vidonda visivyopona, matezi yaliyovimba, na hata uvimbe wa mifupa unaopasuka na kutoa usaha. Mara nyingi watu hudhani ni kifua kikuu cha mifupa, au kansa. Huwapata wenye VIH, lakini huwapata na wengine wasio na VIH. Inatibiwa kwa dawa za kuua kuvu, kwa muda wa miezi mingi. Mgonjwa asichoke katikati.

5. Usihukumu kwa macho

Mara nyingi watu wakiona uvimbe usoni wanasema: “Ni ukoma.” Katika sehemu zetu neno hili si geni. Huko Yakusu, munganga Stanley Browne alifanya kazi tangu mwaka 1936 hata mwaka 1959, na wenye ukoma walitunzwa pahali paitwapo Yalisombo. Miaka ile ilitufundisha neno moja linalofaa hata leo: doa la ngozi halihukumiwi kwa kutazamwa tu. Doa la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Ukiligusa kwa uzi wa pamba, macho ya mgonjwa yakiwa yamefumbwa, hasikii. Kipele cha kriptokoko kinasikia. Lakini alama hii peke yake haitoshi, kwa maana si kila uvimbe wa ukoma una ganzi. Kwa hiyo kipimo cha hospitali kinahitajiwa.

Wengine hufungua kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, wakitafuta ruhusa ya kumfukuza mwenye upele. Wasome vizuri. Sura ile inamwamuru kuhani atazame, na kama alama si dhahiri, angoje siku saba, kisha atazame tena. Palipo na shaka haimpi ruhusa ya kuhukumu kwa haraka. Basi sisi tulio na mikroskopi na vipimo vya damu, tutahukumuje kwa kutupa jicho mara moja? Ila katika neno moja tusiige: mwenye vipele pamoja na maumivu ya kichwa asingojeshwe siku saba. Aende leo.

6. Mambo yatakayofanywa hospitalini

Watu wengi huogopa kwa sababu hawakuelezwa. Basi tueleze.

Kwanza damu itapimwa. Watatafuta VIH, na kama iko, watahesabu CD4. Kipo pia kipimo cha kriptokoko: ni kijikaratasi kidogo chenye kutiwa tone la damu, na katika dakika kumi hivi kinajibu. Kipimo hiki huweza kuiona kuvu hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa hiyo mtu mwenye VIH ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 200 aulize: “Je, nimepimwa kriptokoko?” Hilo si swali la ujeuri. Ni swali la mtu mwenye hekima.

Pili, ngozi itachunguzwa. Watatia dawa ya kufisha maumivu, kisha watakata kipande kidogo kama punje ya mchele, ili kitazamwe kwa mikroskopi.

Tatu, yatatolewa maji ya mgongo. Katika maji hayo wanatia wino mweusi na kutazama. Kriptokoko huonekana kama nyota yenye duara la nuru katika usiku wa giza, kwa maana ina ganda nene ambalo wino hauwezi kuliingia.

Jambo hili la maji ya mgongo ndilo watu wanaloliogopa kuliko yote. Wanasema sindano ile inaua au inalemaza. Basi sikia. Uti wa mgongo unakoma juu kidogo ya kiuno, na sindano inachomwa chini yake, pasipo uti. Tena, katika ugonjwa huu maji yanayozunguka ubongo yamejaa na yanausukuma, kama maji ya mto yanavyosukuma ukingo wakati wa gharika. Ndiyo maana kichwa kinauma hivyo, na ndiyo maana macho yanapotea. Kuyatoa maji ni tiba, si kipimo tu. Mara nyingi inafaa yatolewe tena na tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, juu ya wagonjwa wa Uganda na Afrika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena katika siku za kwanza waliokoka zaidi kuliko wale wasiotolewa.

Nne, dawa. Miaka mingi dawa yenye nguvu ilitiwa katika mshipa kila siku, nayo iliumiza mafigo. Kisha waganga wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, walijaribu njia nyingine: dawa ile ya mshipa katika namna isiyoumiza sana, inatiwa mara moja tu kwa kipimo kikubwa, pamoja na vidonge vya namna mbili kwa siku 14. Habari yake ilitolewa mwaka 2022. Katika wagonjwa 100 waliopata njia mpya, 25 hivi walikufa kabla ya majuma kumi kwisha; katika 100 wa njia ya desturi, 29 hivi. Mwaka ule ule Shirika la Afya la Ulimwengu, linalojulikana kwa jina la OMS, liliiagiza kuwa njia ya kwanza. Dawa zote hizo hazipatikani kila pahali. Lakini mgonjwa akifika mapema, hata dawa zilizopo zina nafasi ya kufanya kazi.

Ona, hata kwa dawa njema, mmoja katika wanne alikufa. Wote walifika kuvu ikiwa imekwisha kushika ubongo. Ndiyo sababu twasema habari za vipele. Vipele huweza kuonekana mapema, kichwa kikiwa bado kizima.

Tano, mpango wa dawa za VIH. Hapa uangalie sana. Mtu akipatikana na VIH, kwa kawaida ni vema aanze dawa zake upesi. Lakini kama kuvu iko katika ubongo, sharti kuvu itibiwe kwanza kwa majuma manne hata sita, ndipo dawa za VIH zianze. Uchunguzi mwingine wa Uganda na Afrika ya Kusini, wa mwaka 2014, ulionyesha hivi: katika 100 walioanza dawa za VIH katika majuma mawili ya kwanza, 45 walikufa kabla ya miezi sita, katika 100 waliongojea majuma matano, 30 walikufa. Sababu yake ni kwamba walinzi wakiamka ghafula, wakakuta adui amejaa nyumbani, vita vyao huharibu nyumba yenyewe. Basi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, umwambie mwuguzi: “Kichwa changu kinauma,” au “Nimeota vipele.” Usifiche. Lakini wewe uliyekwisha kuanza dawa zako zamani, usiziache kwa sababu ya kusoma neno hili. Mwenye kukuongoza ni munganga.

Tena umwambie dawa zote unazomeza, hata za kifua kikuu na za miti shamba; na kama u mja mzito, useme. Dawa nyingine za kuvu hazipatani na mambo hayo.

7. Habari ya mama mmoja

Aliletwa kwetu mama mmoja kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa na watoto watatu. Vipele vilikuwa vimejaa usoni na shingoni, na kichwa kilikuwa kimemwuma majuma matatu. Walikuwa wamenunua pomada mbili, kisha dawa ya malaria, kisha wakamkalisha siku tisa katika chumba cha maombi pasipo chakula. Alipofika, alikuwa hawezi kushika kikombe.

Munganga alisema maji ya mgongo yatolewe upesi. Kaka mkubwa wa mume wake alisimama mlangoni, akakataa.

“Mwalimu,” aliniambia, “wewe ni mtu wa kanisa, utusaidie. Jirani yetu alichomwa sindano hiyo, na kesho yake akafa.”

Nikamwuliza, “Baba, huyo jirani aliugua siku ngapi kabla ya kuchomwa?”

“Karibu mwezi mzima.”

“Basi, Baba, ni sindano iliyomwua, au ni ule mwezi?”

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, tukikataa, na yeye akifa, watoto wake wataniuliza mimi.” Akatoka mlangoni.

Maji yalitoka kwa nguvu. Jioni ile mama aliomba uji, naye alikuwa hajaomba chakula siku nyingi. Alitolewa maji mara tatu tena. Vipele vilikauka polepole. Katika juma la tano alianza dawa za VIH. Leo anauza sombe na mihogo sokoni, na watoto wake wanasoma. Lakini jicho lake la kushoto haliponi. Maji yalilisukuma siku nyingi mno. Vipele vyake vya kwanza viliota mwezi mmoja kabla ya kichwa kuanza kuuma.

8. Katika nyumba na katika kanisa

Choa na mapunye huambukiza kwa kitana, kitambaa na kofia. Kila mtu awe na vyake. Lakini kriptokoko na histoplasma hazitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaa pamoja. Ule naye chakula, umpe mkono, ukae naye katika benchi moja. Yeye aliipata kwa vumbi, si kwa mtu.

Aliye dhaifu asifagie banda la njiwa wala la kuku, wala asiingie pangoni mwenye popo. Mwingine amfanyie kazi hiyo, naye amwagie maji kwanza ili vumbi lisiruke, tena afunge kitambaa puani.

Nawe mshiriki wa kanisa, usiende kumtazama mgonjwa kwa maneno matupu. Anayetoka Opala au Isangi ana safari ndefu ya mtumbwi. Wa mjini atahitaji nauli ya toleka au ya pikipiki. Changeni nauli. Mpelekeeni sombe na samaki. Kumwombea ni vema, lakini maombi hayamzuii mtu kufika hospitali, wala hospitali haimzuii mtu kuomba. Tena usitafute mlozi. Siku zinazopotea katika kumtafuta mlozi ndizo siku ambazo kuvu inazitumia kupanda katika ubongo.

9. Mambo ya kushika moyoni

Nenda hospitali upesi ukiona neno mojawapo la haya:

Vipele vyenye kishimo katikati, kwa mtu mzima aliyekonda au mwenye VIH.

Uvimbe au kidonda cha ngozi kisichopona baada ya majuma manne.

Utando mweupe kinywani kwa mtu mzima, na maumivu akimeza.

Choa iliyoenea mwili mzima au isiyosikia dawa.

Na hili usilolaza hata usiku mmoja: maumivu ya kichwa yanayozidi kila siku, pamoja na homa, kutapika, au macho kufifia.

10. Maulizo

Soma somo tena pamoja na watu wa nyumba yako, kisha mjibu:

1. Kwa nini uyoga unaota juu ya gogo, wala si juu ya mti ulio hai? Jambo hili linatufundisha nini juu ya mwili?

2. Taja mambo manne yanayopunguza walinzi wa mwili.

3. Vipele vya kriptokoko vinafananaje, na kwa nini watu huvidharau?

4. Maji ya mgongo hutolewa kwa sababu gani mbili?

5. Mtu mwenye VIH na maumivu ya kichwa aseme nini kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha VIH?

6. Je, kuna mtu katika nyumba yako au katika kanisa lako aliyekonda na kuota upele usioeleweka? Nani atakwenda naye hospitali, na siku gani?

Swali la sita usilijibu kwa kinywa tu.